Mkanda mmoja, majumba mengi: sinema za kifamilia za Zanzibar na Tanganyika

Mwaka 1921 Hassanali Adamali Jariwalla alifungua jumba la sinema la Royal pale Vuga, Unguja mjini. Ramani yake ilichorwa na John Sinclair, Mwingereza yuleyule aliyechora Beit el Amani, jumba la makumbusho la Mnazi Mmoja. Kabla ya Royal, watu wa mjini walikuwa wakienda kutazama picha kwenye "Sinema ya Bati", na jina linatosha kueleza jengo lilivyokuwa. Kutoka Vuga biashara ya Jariwalla ilivuka bahari hadi Dar es Salaam na Tanga. Nyuma yake zikaja familia nyingine zenye asili ya Bara Hindi, za Mabohora, Waismailia, Wahindu na Maparsi, zikajenga majumba yao na kuajiri vijana wa mitaani kuwa mabawabu, wauza tiketi na maopareta wa mashine.

Kufikia miaka ya 1950 Unguja mjini peke yake palikuwa na Majestic, Empire na Sultana. Dar es Salaam ilikuwa na Empire yake, Avalon, Empress na Odeon, Moshi ilikuwa na Plaza, Arusha Metropole. Wanaoandika kuhusu majumba haya huanza na sura za majengo au na mastelingi waliopendwa. Mimi naona pa kuanzia ni makopo ya bati yenye mikanda ndani yake, kwa sababu aliyejua namna ya kuyazungusha makopo hayo ndiye aliyebaki kwenye biashara, na yalipoacha kuzunguka kila kitu kilisimama.

Hesabu ya mkanda

Mkanda wa milimita 35 hupita kwenye mashine kwa kasi ya fremu 24, yaani picha ndogo moja moja 24, kwa sekunde. Futi moja ina fremu 16, kwa hiyo mashine hula futi 90 kila dakika. Picha ya Kihindi ya saa 3 ni kama futi 16,200. Mkanda huo haukai mahali pamoja. Hugawanywa katika riili za futi 2,000, na riili iliyojaa huchukua dakika 22 na sekunde chache. Picha nzima ni riili 9. Uzito wa mkanda wenyewe unakaribia kilo 40, na ukishaongeza makopo na sanduku la safari, haubebwi na mtu mmoja.

Kuchapisha nakala moja ya mkanda wa urefu huo ni ghali, na kuisafirisha pia. Ndiyo maana mwenye sinema moja tu alikuwa katika shida tangu mwanzo. Akiagiza nakala Bombay kwa ajili ya ukumbi wake mmoja, wateja wa mji mdogo wanamalizika ndani ya siku chache, na nakala inabaki kabatini kabla gharama yake haijarudi. Mwenye majumba matano katika miji mitano anaigawa gharama hiyohiyo mara tano. Anaweza pia kununua haki ya kuonyesha picha katika Afrika Mashariki nzima, akawakodisha hata washindani wake baada ya yeye kumaliza. Hapo ndipo mwonyeshaji anapogeuka kuwa msambazaji, na faida ya usambazaji ilikuwa na uhakika kuliko ya mlangoni. Ukumbi ukikosa watu wiki mbili, kodi za nakala kutoka miji mingine zinaubeba.

Nakala zilikuja na meli za kampuni ya British India, kama Karanja na Kampala, zilizokuwa zikipiga safari kati ya Bombay na pwani yetu na kutia nanga Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam. Zikishakaguliwa na bodi ya serikali na kukatwa kile kisichotakiwa, zilianza kuonyeshwa bandarini, kwenye watazamaji wengi na tiketi za bei ya juu, halafu zikapanda bara. Reli ndiyo iliyopanga njia. Kutoka Dar es Salaam, reli ya kati ilipeleka masanduku Morogoro, Dodoma, Tabora hadi Mwanza. Tanga ilikuwa na reli yake ya kwenda Moshi na Arusha, na reli hizo mbili hazikuunganishwa hadi mwaka 1963, kwa hiyo nakala iliyotakiwa Tanga baada ya Dar ililazimika kupita njia nyingine. Msambazaji aliyepanga ratiba bila kujua siku za treni alijikuta na ukumbi uliokwisha kubandikwa mabango na picha haijafika. Mji wa mwisho kwenye mzunguko ulipokea nakala yenye michirizi, iliyokatika na kuungwa mara nyingi, na nyimbo zikiruka. Hilo halikuepukika, na watu wa miji ya bara walistahili kulipa kidogo, kama walivyokuwa wakilipa.

Ukoo uliingia hapo. Sanduku likifika mjini likiwa na riili 8 badala ya 9, nani analaumiwa? Mauzo ya mlangoni yanaandikwa na nani, na yanahakikiwaje na mtu aliye umbali wa siku mbili kwa treni? Dawa ya kwanza ilikuwa tiketi zenye namba. Unaandika namba ya kwanza ya kitabu kabla ya dirisha kufunguliwa na namba ya mwisho baada ya kufungwa, unatoa tofauti, unalinganisha na vipande vilivyochanwa mlangoni. Vipande vikizidi tiketi zilizouzwa, kuna kitabu cha pili mahali fulani. Vikipungua sana, bawabu anapitisha tiketi bila kuzichana, zirudi dirishani ziuzwe tena. Dawa ya pili ilikuwa kumweka ndugu, mkwe au mtoto wa rafiki wa msikiti mmoja. Ile ya pili haikuwa na makaratasi, ila ilikuwa na aibu ya ukoo nyuma yake, na katika biashara ya fedha taslimu aibu hiyo ilikuwa na thamani kuliko mkataba.

Riili kwenye baiskeli

Ustadi mkubwa kuliko wote, kwa maoni yangu, ulikuwa kuonyesha nakala moja katika majumba mawili jioni ileile. Zanzibar na Dar es Salaam zote mbili zilifanya hivyo: riili ikimalizika ukumbi wa kwanza, kijana anaifunga nyuma ya baiskeli na kukimbiza kwenda ukumbi wa pili, ambako picha hiyohiyo imekwisha kuanza.

Tuihesabu. Ukumbi wa kwanza unaanza saa 9:00 alasiri, wa pili saa 10:00. Riili ya kwanza inaisha saa 9:22. Imejikunja kinyume, mwisho wake uko nje, kwa hiyo lazima irudishwe kwa mkono au kwa mota kabla ya kuonyeshwa tena. Hiyo ni dakika 4 au 5. Opareta wa ukumbi wa pili anahitaji dakika nyingine 5 kuikagua na kuipitisha kwenye mashine. Kati ya dakika 38 ulizokuwa nazo, zimebaki 28 za njiani. Zinatosha hata kama baiskeli imetoboka gurudumu na kijana analazimika kukimbia kwa miguu.

Sasa jaribu kupunguza safari kwa kubeba riili mbili kwa mpigo. Riili ya pili na ya tatu zinaisha kwenye ukumbi wa kwanza dakika ya 67 tangu kuanza, na ukizirudisha ni dakika ya 71. Ukumbi wa pili unaihitaji riili ya pili dakika ya 82. Una dakika 11 za barabara na za kuipitisha mashineni kwa pamoja, na mvua ya masika inazimaliza. Ndiyo maana kila riili ilipaswa kwenda peke yake. Ukitaka ahueni, ukumbi wa pili unatanguliza habari za ulimwengu, trela na matangazo, dakika 15 hivi, na watu hawalalamiki kwa sababu wanaingia wakiwa bado wanatafuta viti. Akiba ya mwisho ni mapumziko ya katikati. Riili ya tano isipofika, taa zinabaki zinawaka, karanga na soda zinaendelea kuuzwa, na meneja anasimama mlangoni akitazama barabara. Hitilafu ya hatari zaidi haikuwa kuchelewa. Ilikuwa kuchanganya makopo, riili ya 7 ikaonyeshwa kabla ya ya 6, stelingi akawa amekwisha lipiza kisasi cha mauaji ambayo watazamaji hawajayaona. Dawa yake ni kuandika namba kwenye utangulizi wa mkanda wenyewe, kile kipande cha mwanzo kisicho na picha, kwa wino, kila riili. Kopo hubadilishwa mifuniko, utangulizi haubadilishwi.

Ndani ya chumba cha mashine

Chumba cha mashine kilikuwa na mashine mbili zinazofanana. Moja ikionyesha, ya pili inaandaliwa, na kubadilisha kutoka moja kwenda nyingine kunatakiwa kufanyike bila mtazamaji kujua. Katika pembe ya juu kulia ya picha hutokea kidoa cha fremu 4, kama sekunde 8 kabla ya riili kuisha: opareta anawasha mota ya mashine ya pili. Kidoa cha pili hutokea sekunde 1 kabla ya mwisho: anafungua mwanga na sauti huku na kufunga kule. Mkanda wa mashine ya pili lazima uwe umewekwa mahali panapofaa kwenye utangulizi, ili zile sekunde ziishe sawasawa na fremu ya kwanza ya picha kufika langoni, pale mwanga unapopita kwenye mkanda. Nakala iliyokatika mwishoni mara nyingi hupoteza vidoa vyake, na maopareta wasio waangalifu walikwaruza vyao wenyewe, vikubwa, kila mmoja mahali pake. Nakala ikifika mji wa sita, pembe ile imejaa mikwaruzo, na opareta hajui ni upi wa kufuata.

Mwanga ulitoka kwenye vijiti viwili vya kaboni vinavyoachana kidogo, umeme wa mkondo mmoja ukiruka katikati yao. Kijiti chanya huliwa haraka kuliko kile hasi, kwa hiyo mota ndogo huvisogeza kwa kasi tofauti. Mota ikikwama na nafasi ikapanuka, picha inakuwa ya manjano, inapepesa, kisha giza. Vijiti vikikaribiana sana, vinagusana na mwanga unakufa. Kanuni ya kazi ilikuwa moja: usianze riili kwa kipande ambacho huna hakika kitafika dakika ya 22. Vipande vifupi vilitunzwa kwa ajili ya trela. Matone ya shaba kutoka kwenye vijiti hurukia kioo cha nyuma kinachorudisha mwanga mbele na kukiachia vishimo, na mmiliki aliyeahirisha kubadilisha kioo alipoteza mwanga kidogo kidogo bila kugundua, hadi siku watu wa nyuma walipoanza kupiga miluzi.

Mkanda husimama kwa muda mfupi langoni kwenye kila fremu, mara 24 kwa sekunde, wakati magurudumu ya juu na ya chini yanazunguka bila kusimama. Ndiyo maana lazima uache kitanzi cha mkanda juu ya lango na kingine chini yake. Kitanzi cha juu kikipotea, picha inaanza kurukaruka na matundu ya pembeni yanachanika. Kitanzi cha chini kina siri nyingine. Sauti imechapishwa kwenye mkanda kama fremu 20 mbele ya picha yake, kwa kuwa kisomaji cha sauti kiko chini ya lango. Ukikiacha kitanzi kirefu au kifupi kupita kiasi, midomo ya mwimbaji na wimbo vinaachana. Kwa picha ambayo nusu ya wateja wamekuja kwa sababu ya nyimbo, hilo ni kosa la kurudishiana fedha.

Mkanda ukikatika, unakata ncha zote mbili sawa kwenye mstari wa fremu, unakwangua utando wa picha upande mmoja hadi plastiki ibaki safi, unapaka gundi yake maalumu, unabana sekunde 10 hadi 15. Usipokwangua vizuri, gundi inashika utando badala ya plastiki, na kiungo kinaachia kwenye joto la lango. Unapaka pia wino mweusi wa umbo la pembetatu juu ya mstari wa sauti, la sivyo spika zitapiga kishindo kila kiungo kinapopita. Kila kuunga kunapoteza fremu moja au mbili. Ndiyo hesabu ya nyimbo zinazoruka kule mwisho wa reli.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 mikanda mingi ilikuwa ya naitreti, ambayo ikishika moto hujizalishia oksijeni yake na kuendelea kuwaka hata chini ya maji. Chumba cha mashine kilijengwa kwa zege, mlango wa chuma ukifungukia nje, na matundu ya kuonyeshea yalikuwa na vifuniko vya chuma vilivyoning'inizwa kwa kiungo kinachoyeyuka kwa joto. Moto ukianza, kiungo kinayeyuka, vifuniko vinaanguka, moshi haufiki kwa watazamaji. Mahali pa hatari ni lango, mkanda ukisimama mbele ya mwanga wa kaboni. Jengo la Royal lenyewe liliteketea kwa moto, na mwaka 1955 pakafunguliwa mahali pake Majestic mpya tunayoijua.

Mwaka 1953 picha pana za sinemaskopu zilipoanza, wamiliki walihitaji lenzi mpya za kunyoosha picha na pazia pana. Kumbi zilizojengwa nyembamba na ndefu hazikuwa na upana wa kutosha, kwa hiyo picha ilipanuliwa ukutani hadi pembeni kisha ikafupizwa kimo. Familia zilizojenga katika miaka hiyo, zikijua kinachokuja, zilipata ukumbi mpana, na tofauti hiyo inaonekana hadi leo ukiingia jengo la kabla ya vita na la baadaye.

Kuhusu watazamaji nitasema machache. Jumapili ndiyo iliyojaza, na Iddi zaidi, hivyo picha bora ya mwaka ilihifadhiwa kwa Iddi hata kama nakala ilifika miezi miwili kabla. Walanguzi wa tiketi walinunua nyingi asubuhi na kuziuza jioni kwa bei ya juu. Maonyesho ya wanawake peke yao yalileta wateja ambao wasingekuja kwa namna nyingine, na mmiliki mwenye akili alihakikisha hata mkaguzi wa tiketi wa siku hiyo ni mwanamke.

Makopo yaliposimama

Baada ya Mapinduzi ya 1964 serikali ya Zanzibar ilichukua sinema za visiwani, na Sultana ikapewa jina la Cine Afrique. Bara mambo yalikwenda kwa hatua. Dar es Salaam ilipata drive-in, sinema ya kutazama ukiwa ndani ya gari, mwaka 1966 kule Msasani, mahali ulipo sasa ubalozi wa Marekani, na watu waliokuwa na matumaini ya biashara hii walikuwa bado wengi. Mwaka 1968 ikaundwa Tanzania Film Company, shirika la umma, ambalo lilikuja kushika uagizaji na usambazaji wa picha. Mwaka 1971 sheria ya kutaifisha majengo ikachukua nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na familia nyingi zikajikuta wapangaji wa Msajili wa Majumba katika kumbi walizozijenga zenyewe.

Kuna wanaosema televisheni na video ndizo zilizoua sinema. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kumbi zake hazikufungwa wakati huo. Tanzania Bara ilibaki bila televisheni hadi miaka ya 1990, na kumbi zake zilikuwa zimekwisha kuchakaa. Kilichovunjika kwanza ni mzunguko. Mwenye ukumbi hakuchagua tena picha wala hakujua lini ijayo itafika. Fedha za kigeni zilipokauka, nakala mpya zilipungua, vijiti vya kaboni na vioo vilikosekana, na mpangaji hakuona sababu ya kutia paa jipya kwenye jengo la mtu mwingine. Video ilipokuja katika miaka ya 1980, ikiwa na kaseti inayoingia mfukoni, ilikuta watu waliokwisha choshwa na picha zilezile zenye michirizi. Nchi ilikuwa na haki ya kutaka sinema zake zihudumie umma. Ila waliopanga shirika lile walihesabu majengo na tiketi, wakasahau kwamba kazi yenyewe ilikuwa kuzungusha makopo, na kazi hiyo ilikuwa vichwani mwa watu waliokuwa wakifunga mizigo kuelekea Uingereza na Kanada.

Majestic ya Vuga bado imesimama, bila paa lake la zamani, na asasi ya Hifadhi Zanzibar imekuwa ikishughulikia kuifufua. Mashine mpya haitakuwa na riili. Picha huja kwenye diski, na hufunguka kwa ufunguo wa kidijitali uliotengenezwa kwa mashine moja na kwa tarehe maalumu, kwa hiyo kijana wa baiskeli hawezi tena kuhudumia kumbi mbili kwa nakala moja.

Kuna familia ambazo bado zina makopo stoo, Tanzania na ughaibuni. Kama ni nyumbani kwenu, usiyajaribu kwenye mashine. Fungua kopo mahali penye hewa na usome maandishi ya ukingoni mwa mkanda. Ukiona neno SAFETY, haulipuki. Ukiona NITRATE, au huoni kitu na mkanda unanata na kutoa unga wa kahawia, uondoe ndani ya nyumba, uweke kivulini mbali na moto, na uite wataalamu wa nyaraka kabla ya kuusogeza tena. Harufu ya siki ina maana plastiki inaoza, na uozo huo huambukiza makopo ya jirani, kwa hiyo yatenge. Usiyafunge kwenye nailoni, maana mvuke wa siki ukibaki ndani unaharakisha uozo. Rangi iliyogeuka nyekundu yote hairudi kwenye mkanda, lakini inaweza kurekebishwa kwa kiasi ikishanakiliwa kidijitali. Yainue makopo kutoka sakafuni, yalaze, yasisimamishwe kwa ubavu, na andika kwenye karatasi namba ya kila riili na maneno yote yaliyoko kwenye lebo, hasa mihuri ya miji. Mihuri hiyo inaonyesha nakala ilipita wapi na kwa mpangilio gani, na kwa majumba mengi ndiyo kumbukumbu pekee iliyobaki ya ratiba zake.